Kumpima muuzaji kabla ya kuipima sarafu

Anayetaka kununua sarafu za kigeni au za kale aanze kwa kumchunguza muuzaji, kwa kuwa sarafu ya kughushi iliyotengenezwa kwa ustadi humlaghai hata mkusanyaji mzoefu, hasa anapoiona kwenye picha tu. Pa kuanzia ni orodha ya wanachama wa IAPN, chama cha kimataifa cha wafanyabiashara wa sarafu kilichoanzishwa Geneva mwaka 1951, ambao hutakiwa kudhamini uhalisi wa wanachokiuza. Uanachama peke yake hautoshi. Muulize muuzaji, kwa maandishi, iwapo dhamana yake ya uhalisi ina ukomo wa muda, kwani ruhusa ya kurudisha sarafu ndani ya siku 14 ni jambo jingine kabisa, na bandia huweza kugunduliwa baada ya miaka mingi.

Muuzaji makini hutaja uzito kwa gramu, kipenyo na kitabu alichokitumia kuitambua sarafu, tena huonyesha picha za pande zote mbili. Sarafu ya fedha ya Athens ya drakma nne, ile yenye bundi, huwa na takriban gramu 17, hivyo asiyetaja uzito anakunyima kipimo rahisi kuliko vyote. Kwa sarafu za kale, omba pia kumbukumbu za umiliki, kama vile risiti au katalogi ya mnada wa zamani, maana nchi nyingi huzuia kusafirisha nje vitu vya kale bila kibali. Mimi humwacha papo hapo muuzaji anayekasirishwa na swali hilo.