Kupima hatari ya nyangumi kunasa kwenye jarife

Hapa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, nyangumi wenye nundu hupita kati ya Julai na Oktoba. Wametoka Antaktika kuja kuzaa kwenye maji yetu ya moto, na majarife yetu, zile nyavu kubwa za macho mapana, yako majini usiku kucha. Mimi ndiye ninayeshika daftari la diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, na nasema hivi: usingoje nyangumi anase ndipo uanze kuhesabu.

Waulize manahodha kabla ya mnada, maana baada ya hapo kila mtu ana haraka na fedha yake. Jarife lilitupwa mwamba gani, pima ngapi za maji, vipande vingapi, lilikaa saa ngapi? Kisha nyangumi: wangapi, wakielekea wapi, yupo mwenye mtoto? Hao wenye watoto niwekee alama nyekundu. Mama hukaa karibu na pwani, na mtoto, ambaye huzaliwa na urefu wa mita 4 hivi, hana nguvu ya kuburuta wavu na bado akaibuka kupumua.

Wavu ulioharibika ushike mwenyewe. Tundu la papa lina nyuzi zilizokatwa kwa meno. Alipopita nyangumi, kamba ya juu imekatika, maboya hayapo, na macho ya wavu yamevutika yote upande mmoja. Nahodha akisema "mkondo tu", andika alivyosema, na andika ulichokiona.

Mwisho wa mwezi chora ramani ya miamba, hata kwa kalamu ya risasi. Penye nyavu nyingi na nyangumi wengi kwa pamoja ndipo penye hatari. Penye kimoja tu pasikushughulishe. Ramani hiyo ipeleke kwenye kamati ya uvuvi, muombe majarife yahamishwe hapo kwa miezi hiyo minne, au wavuvi walale karibu na nyavu zao.

Na akinasa, nakuomba sana, mtu asijitose. Joe Howlett, mvuvi wa Kanada aliyekuwa mzoefu wa kazi ya kuwanasua nyangumi, alifariki Julai 2017 mara tu baada ya kumkata nyangumi kamba, naye alikuwa botini. Boya analoburuta msilikate, maana ndilo litakalowaonyesha wenye zana za kumnasua alipo. Kaeni mbali, mpigeni picha, pigeni simu idara ya uvuvi, na mtaje saa, mahali, rangi ya boya na upande anakoelekea.