Nyama ya ng'ombe iliyokaushwa nyumbani: fuata njia ya matobolwa

Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria hahitaji kufundishwa maana ya kukausha chakula. Dagaa tunawaona wakianikwa tangu utotoni, majani ya kunde hukaushwa yakawa nsansa, na viazi vitamu hukaushwa kwa njia mbili ambazo kila jiko la Kisukuma linazijua: michembe, ambayo hukatwa na kuanikwa ikiwa mibichi, na matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza ndipo yakatwe na kuanikwa. Nyama ya ng'ombe inayokusudiwa kuliwa mkononi kama kitafunwa, bila kupikwa tena, ni lazima ifuate njia ya matobolwa, yaani ipite motoni kwanza, kisha ikaushwe.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wengi huanza kwa kuiga dagaa, wakasahau kwamba dagaa wakavu hurudi jikoni na kupikwa kabla ya kufika sahanini. Hata nyama kavu ya wazee wetu ilirudi chunguni ikachemshwa. Kitafunwa cha namna ya Kimarekani kiitwacho jerky, jina lililotokana na neno ch'arki la lugha ya Kikechua ya milima ya Andes, huliwa kama kilivyo, hivyo bakteria waliosalia ndani yake, kama vile salmonela, huingia tumboni moja kwa moja. Joto la kukaushia, ambalo huwa karibu nyuzi 60 za selsiasi, haliwaui kwa uhakika, kwa kuwa maji yanayovukizwa huipoza nyama kwa saa kadhaa, na nyama inapopata joto kamili tayari imekauka, nao bakteria walio katika hali ya ukavu hustahimili joto kuliko walipokuwa kwenye unyevu. Ndiyo maana Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyama ifikishwe nyuzi 71 ingali na unyevu wake, kabla ya kuanza kukaushwa.

Kazi huanzia buchani. Omba mnofu wa paja la nyuma usio na mfupa, na umweleze muuzaji mapema kwamba hutaki vipande vyenye mafuta, kwa sababu mafuta hayakauki; hubaki ndani ya nyama, yakachacha na kuharibu ladha ya yote. Katika hili sisi tuna bahati, maana ng'ombe wa asili wa Usukuma, anayetembea kutwa akitafuta malisho, hana mafuta mengi katikati ya mnofu. Nunua asubuhi, nyama ingali mpya, na hakikisha ina mhuri wa mkaguzi. Usikubali kabisa nyama ya mnyama aliyejifia au aliyechinjwa akiwa mgonjwa, hata ukiuziwa kwa nusu ya bei. Vimelea vya kimeta hujifunga katika hali ya mbegu ngumu ambazo hazifi kwa kuchemshwa dakika chache wala kwa kukaushwa, na njia ninayoieleza hapa haiwezi kukuokoa nazo.

Kilo moja ya mnofu hutoa takribani gramu 300 hadi 400 za nyama kavu, kwa kuwa karibu robo tatu ya mnofu ni maji. Kwa familia ya watu watano ningeanza na kilo mbili, ili gesi au umeme utakaotumika usiwe wa kukaushia viganja viwili tu vya vitafunwa.

Ondoa utando mweupe, mishipa na kila kipande cha mafuta unachokiona, kisha weka mnofu kwenye friza kwa saa moja au mbili mpaka ushikamane bila kuwa barafu. Nyama iliyotoka buchani hivi punde huteleza chini ya kisu na kutoa vipande vinene upande mmoja na vyembamba upande mwingine. Iliyokaza kwa baridi hukatika kwa usawa. Unene wa kila kipande usizidi nusu sentimita au zaidi kidogo, yaani milimita 5 hadi 6. Mara yangu ya kwanza nilikata vipande vinene kama vya mishikaki, nikaviona vimekauka vizuri kwa nje, nikavifunga kwenye kopo; baada ya siku nne vilikuwa vimeota ukungu, kwa sababu nje palikuwa pamekuwa gome na ndani palibaki na maji. Angalia pia nyuzi za nyama zinaelekea wapi. Ukikata kuzifuata utapata vipande vya kutafuna muda mrefu, ambavyo vijana huvipenda, na ukizikata katikati utapata vipande vinavyokatika mdomoni kwa urahisi, vinavyowafaa watoto na wazee. Mimi hukata nusu kwa nusu.

Viungo ni suala la hiari, ila chumvi si ya kuacha, kwani ndiyo inayosaidia kuvuta maji na kuzuia nyama isiharibike. Kwa kilo moja natumia kijiko kimoja cha chakula cha chumvi kilichosawazishwa, maji ya ndimu mbili, punje sita za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi vilivyotwangwa pamoja, kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga, pilipili kali ya unga kwa kadiri ya walaji, na kijiko kimoja cha asali, ambayo hulainisha ukali wa chumvi na kuipa nyama rangi nzuri ya hudhurungi. Mwenye kupenda sosi ya soya aongeze vijiko vitatu na apunguze chumvi kwa nusu. Usitie mafuta ya kupikia hata kidogo. Changanya, funika, na uweke kwenye friji kwa saa sita au usiku mzima. Bakuli lisiachwe mezani, kwa maana joto la mchana la Mwanza linatosha kabisa kuzalisha bakteria kabla hujaanza kazi yenyewe.

Asubuhi mimina nyama pamoja na viungo vyake vyote kwenye sufuria pana, ongeza maji mpaka vipande vifunikwe, na uchemshe. Hesabu dakika tano kuanzia pale mchuzi unapotokota wote, si pale mapovu ya kwanza yanapoonekana pembeni. Mwenye kipimajoto cha jikoni achome kipande kinene kuliko vyote na aone nyuzi 71 au zaidi; asiye nacho azitegemee dakika hizo tano na asizipunguze. Baada ya hapo opoa vipande, vichuje, na uvikaushe kwa kitambaa safi. Mchuzi unaobaki umepikwa na una ladha nzuri, na kwetu huishia kwenye maharage ya jioni.

Chombo bora cha kukaushia ni kikaushio cha umeme, ila wengi wetu tuna oveni, nayo inatosha. Panga vipande juu ya wavu bila kugusana, weka trei chini ya kupokea matone, washa moto mdogo kabisa, nyuzi 60 hadi 70 ikiwezekana, na uache mlango wazi kidogo kwa kuuzuia na mwiko, kwa sababu mvuke usipotoka utakuwa unaipika nyama badala ya kuikausha. Oveni nyingi za gesi hazishuki hadi joto hilo, hivyo mlango ufunguliwe zaidi, vipande vigeuzwe kila baada ya nusu saa, na watoto wasikaribie jiko. Anza kukagua baada ya saa tatu. Vipande vingine vitahitaji saa sita au zaidi, na vilivyo tayari vitolewe mapema. Sufuria ya mchanga yenye makaa juu na chini, ambayo hutuokea keki vizuri, haifai hapa, kwa kuwa mfuniko wake huzuia mvuke.

Vipi kuhusu jua? Kati ya Juni na Septemba, mvua zinapokuwa zimekatika na upepo ni mkavu, kikaushio cha jua kinaweza kutumika, mradi nyama imekwisha kuchemshwa. Kiwe sanduku la mbao lenye kioo au nailoni angavu juu, matundu ya hewa yaliyofunikwa kwa wavu wa mbu, na mwinamo wa kuelekea kaskazini, kwa kuwa sehemu kubwa ya miezi hiyo jua letu huwa upande huo. Anza mapema asubuhi, na nyama isipokauka kabla ya magharibi, imalizie kwenye oveni siku hiyohiyo. Isilale ikiwa na unyevu. Kuanika waziwazi juu ya bati sikushauri kamwe. Nzi, vumbi la barabarani na mwewe vitaifikia, na makundi ya wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi yatajibandika juu yake. Wakati wa masika na vuli ninaliacha jua kabisa na kutegemea oveni peke yake.

Utajuaje kama imekauka? Toa kipande kimoja, kiache kipoe kabisa, kisha kikunje. Kikipasuka nyufa bila kukatika vipande viwili, kiko tayari. Kikijikunja kama mpira, kirudishe, na kikivunjika kama kuni kimepitiliza, ingawa bado kinalika. Nyama ya moto hudanganya kwa ulaini wake, kwa hiyo usiikague kabla haijapoa.

Ikishapoa yote, itie kwenye chupa ya kioo kavu yenye mfuniko wa kubana, na uitazame siku inayofuata. Ukiona matone au ukungu wa mvuke ndani ya kioo, irudishe kwenye oveni kwa saa moja zaidi. Kabatini, penye giza na pasipo joto la jiko, itumike ndani ya wiki mbili. Ile unayotaka kuitunza kwa muda mrefu zaidi ya huo ifungwe kwa mafungu madogo na kuwekwa kwenye friza tangu mwanzo. Yenye harufu ya mafuta yaliyochacha au yenye madoa ya ukungu itupwe yote, bila kuchagua vipande vinavyoonekana vizima.

Mtoto mdogo asipewe kipande kizima, kwani kinaweza kumkaba. Kikatwekatwe vidogo sana, na ale akiwa ameketi mbele ya mtu mzima. Mwenye shinikizo la damu ale kwa kiasi kwa sababu ya chumvi. Waliobaki wanaweza kubeba vipande vichache shuleni pamoja na karanga, au kwenye meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, ambako safari huchukua saa kadhaa na kitafunwa hiki hakimwagiki wala hakihitaji kijiko.