Kabla hujamtafuta wa kukubebea mimba

Nilitolewa kizazi mwaka 2016, nikiwa na miaka 29, kwa damu iliyokataa kusimama baada ya kuzaa. Mtoto hakuishi. Miaka mitatu baadaye daktari mmoja wa Dar es Salaam alitazama altrasaundi akasema, kama mtu anayetaja bei ya dagaa: "Mayai unayo. Tafuta wa kukubebea." Tukarudi Pemba kwa boti, mimi na mume wangu, na hatukusemezana mpaka Mkoani.

Siku hizi wanawake hunijia, wengine usiku na baibui limefunika uso, kuniuliza waanzie wapi. Nawaandikia nilivyofanya na, zaidi, nilivyokosea. Kosa langu kubwa ni kutanguliza pesa.

Anza na mwili. Jua hasa umekosa nini. Kubebewa mimba kunamhusu mwanamke mwenye mayai ambaye kizazi hana, ama ametolewa ama kazaliwa bila (wapo, takriban mmoja katika kila 5,000), au ana maradhi, tuseme ya moyo, yasiyostahimili mimba. Ikiwa shida ni mbegu za mume, tumbo la mtu mwengine haliondoi shida hiyo. Kwa hivyo mumeo apimwe mapema. Kipimo cha mbegu ndicho chepesi kuliko vyote, na ndicho wanaume wanachokikimbia. Omba pia karatasi ya upasuaji wako inayosema kama ovari, yaani vifuko vya mayai, zimebakishwa. Mimi niliambiwa kwa mdomo tu, na karatasi nikaihangaikia miezi minne. Na usingoje sana, maana baada ya miaka 35 mayai hupungua na ubora wake hushuka.

Kazi yenyewe iko hivi. Unapigwa sindano za homoni kama siku kumi, mayai yanavutwa kwa sindano ukiwa umepewa dawa ya usingizi, yanakutanishwa maabara na mbegu za mumeo, kisha kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubika, mara nyingi cha siku tano, kinawekwa katika kizazi cha mbebaji. Mtoto hachukui sura ya mbebaji. Asili yake ni yenu wawili. Mbebaji anatakiwa awe ameshazaa salama, na kiinitete kiwe kimoja, kwani mapacha humzidishia hatari. Mdogo wangu alipojitolea, nililia kwa furaha siku nzima. Hajawahi kuzaa. Hilo peke yake lilitosha kumwambia ahsante, hapana, na hakuna aliyenieleza.

Jambo la pili ni sheikh. Mimi nilimwogopa, nikamwendea mwisho, baada ya vipimo vyote. Nendeni wawili na muulize swali zima: yai langu, mbegu zake, tumbo la nani? Sheikh wetu wa Wete hakupandisha sauti. Alitueleza kwamba Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Amman mwaka 1986, likazipima njia saba za kupata mimba kitabibu. Mbili likaziruhusu, zote baina ya mume na mke na ndani ya kizazi cha mke mwenyewe. Tano likazikataa, pamoja na ile ambayo wengi kwetu huidhania ni mlango wa nyuma, tumbo la mke mwenza. Baraza jengine la fiqhi, la Makka, liliwahi kuiruhusu hiyo mwaka 1984, mwaka uliofuata likaiondoa ruhusa. Akatukumbusha aya ya pili ya Al-Mujadila, kwamba mama ni yule aliyezaa. Wapo wanazuoni wa Kishia wanaoruhusu, na Iran hufanyika, kwa hivyo kila mtu amuulize mwanachuoni wa madhehebu yake, asitegemee jibu la jirani.

Halafu sheria. Kwetu hakuna sheria mahsusi ya kubebewa mimba. Anayezaa ndiye anayeandikwa mama. Mtu akikushauri mbebaji ajiandikishe hospitali kwa jina lako, ondoka hapo hapo. Huko ni kughushi, na mtoto ndiye atakayesumbuka na cheti hicho maisha yake.

Ng'ambo kila nchi na lake. Afrika Kusini lazima Mahakama Kuu ipitishe mkataba kabla kiinitete hakijawekwa. Uingereza aliyezaa ni mama kisheria, hata kama yai si lake, mpaka mahakama itoe amri. Marekani majimbo kama California yanaruhusu kumlipa mbebaji, lakini gharama yake shamba langu la mikarafuu haliifikii. India, tulikozoea kupeleka wagonjwa wetu, iliwafungia wageni mwaka 2015, na sheria ya 2021 ikakaza zaidi. Mimi hilo nililijua nikiwa nimeshamtumia dalali mmoja amana kwa simu, mwaka 2022, pesa ya karafuu za msimu mzima. Simu yake haikuita tena. Basi kabla ya kutuma hata shilingi, uliza: mtoto atatoka nchi hiyo kwa pasi gani ya kusafiria? Mwaka 2008 mtoto wa Wajapani alizaliwa India wazazi wakiwa wameshaachana, akakwama huko miezi kwa kukosa hati.

Sisi tulisimama hapo, tukageukia kafala, yaani kumlea mtoto wa mtu mwengine bila kumbadilisha nasaba, ambayo Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inaitambua. Anzieni Ustawi wa Jamii wilayani, msimalizane barazani. Mtoto anabaki na jina la baba yake mzazi na hakurithini. Ukitaka apate kitu, andika wasia, usizidi theluthi.

Kinachowatatiza watu ni umahramu, yaani udugu unaozuia kuoana, na dawa yake ni ziwa, yaani kunyonyeshwa. Mtoto wa kike anyonyeshwe na dada wa mumeo, ili mumeo awe mjomba wake. Wa kiume anyonyeshwe na dada yako, uwe khalati yake, dada wa mama yake wa ziwa. Kwa Kishafi ni mara tano za kushiba, kabla hajatimiza miaka miwili. Mnyonyeshaji apimwe virusi vya ukimwi kwanza, usione haya kumwambia. Na watoto wake wote wanakuwa ndugu wa huyo mtoto, kwa hivyo familia nzima ijue, kusije kukaposwa.

Wetu aliletwa akiwa na siku kumi na moja. Wifi yangu, aliyekuwa na mtoto wake mchanga, alikuja na boda kutoka Konde akamnyonyesha siku mbili. Nilikuwa nimekaa pembeni na daftari la skuli. Mara ya tatu mtoto alilala katikati, wifi akasema, "Hiyo usiihesabu." Nikaifuta, nikasubiri aamke.