Namna ya kuifanya tathmini ya teknolojia za afya itumike hospitalini: mwongozo kwa hospitali za Kigoma na Tabora

Tathmini ya teknolojia za afya ni kazi ya kupima iwapo dawa, kifaa, kipimo au utaratibu wa tiba unamfaa mgonjwa, unastahili gharama yake na unawezekana katika hospitali husika, na kazi hiyo hufanywa kabla ya kununua au kabla ya kuamua kuacha kutumia. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi wanachama zijenge uwezo wa kuifanya. Mwongozo huu hauhusu hesabu zake, kwa sababu taarifa nyingi zinazoishia kabatini hazina kasoro ya hesabu, bali zimekwamishwa na mazingira ya kazi ambayo mratibu anaweza kuyarekebisha kabla hajaandika hata ukurasa mmoja.

Kwanza, fahamu ni nani atakayeamua na ataamua lini. Hospitali za rufaa za mikoa, yaani Maweni kwa Kigoma na Kitete kwa Tabora, ziko chini ya Wizara ya Afya, ilhali hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri na TAMISEMI, kwa hiyo hoja ileile hupita milango tofauti. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini maombi ya idara hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Taarifa inayofika baada ya mahitaji kuingizwa kwenye mpango wa ununuzi haina tena cha kubadilisha, hata ikiwa bora namna gani.

Kwa kuwa muda ni mfupi, tumia fomu fupi. Denmark ilitoa mwaka 2005 fomu ya maswali 26 kwa ajili ya hospitali, yanayohusu teknolojia yenyewe, mgonjwa, mpangilio wa kazi na gharama. Sehemu ya mpangilio wa kazi ndiyo inayorukwa mara nyingi, na kwa maoni yangu ndiyo inayopaswa kujazwa kwanza.

Chukua mfano wa mashine ya kupima kemia ya damu inayotumia vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vya mtengenezaji mmoja pekee. Bei yake inaweza kuwa ndogo, au ikatolewa bure kwa sharti la kununua vitendanishi. Mtaalamu wa maabara anajua ni vipimo vingapi vinaombwa kwa wiki, mfamasia anajua Bohari ya Dawa huwa inacho kitendanishi gani, na fundi wa vifaa tiba anajua kwamba vipuri na mhandisi vitatoka Dar es Salaam, na kutoka huko reli ya kati hadi Kigoma ina urefu wa takriban kilomita 1,250. Anajua pia hali ya umeme, jambo zito katika mkoa uliotegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba watu hao watatu wakikaa mbele ya daktari bingwa aliyekwisha kuitamani mashine hiyo, hunyamaza. Si kwamba hawana hoja. Heshima ya cheo na umri hailegei kwa sababu tu ajenda imesema tujadiliane kwa uhuru.

Kwa hiyo kusanya maoni yao kwa maandishi siku kadhaa kabla ya kikao, kila mmoja akijibu maswali yanayohusu kazi yake, na katibu ayasome yote mwanzoni. Mwombe Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, azungumze wa mwisho, kwani akitangulia kusema anachokipenda, mjadala umekwisha. Aliyepelekwa mafunzoni au kusafirishwa na muuzaji atamke hivyo kabla ya kuchangia, na asishiriki kuamua.

Usiunde kamati mpya. Kamati ya Dawa na Tiba ikiwepo, ongeza ajenda hii humo na umwalike fundi wa vifaa tiba pamoja na mhasibu. Muhimu zaidi, anayeandaa tathmini atengewe saa zake kwenye ratiba ya zamu. Akiongezewa kazi hii juu ya zamu kamili, ataifanya usiku, na ataifanya nusunusu.

Vifaa vya msaada navyo visisamehewe tathmini hii. Kwa mfadhili, kukataliwa ni aibu, na kwa uongozi, kukataa kunaonekana kama utovu wa shukrani, ndiyo maana ni vyema masharti ya kupokea msaada yawe yameandikwa na kutiwa saini kabla mgeni hajafika.

Uhamisho nao huua tathmini nyingi kimyakimya: daktari aliyeitetea huduma anaondoka, na mrithi wake hakuti popote sababu za uamuzi. Hifadhi fomu, maoni na uamuzi katika jalada la kamati, si katika kompyuta ya mtu binafsi, na uandike humo idadi ya vipimo iliyotarajiwa. Baada ya mwaka mmoja, toa takwimu kutoka kwenye rejista za MTUHA, yaani vitabu vya kumbukumbu za huduma za afya, au mfumo wa kompyuta wa hospitali uitwao GoT-HoMIS, uzilinganishe na matarajio, pamoja na siku ambazo mashine ilisimama, kisha upeleke matokeo kwenye kikao kinachotangulia ukusanyaji wa maombi ya bajeti inayofuata.