Tangi la majitaka la karavani likivuja: jua kwanza linavujia wapi

Ukiona matone chini ya karavani, usikimbilie gundi. Tangi lenyewe hupasuka mara chache. Kinachovuja mara nyingi ni vali, kiungo cha bomba, au tundu la kitambuzi kinachopima ujazo. Isitoshe, pale tone linapodondokea si lazima pawe ndipo lilipoanzia. Karavani nyingi za Marekani na Kanada zimefunikwa uvunguni kwa ubao mwepesi wa plastiki. Maji yakishaingia juu yake hutambaa kufuata fremu mpaka yapate upenyo, pengine mita mbili kutoka penye kasoro.

Kwa kawaida matangi ni mawili: la choo, ambalo wenye karavani huliita jeusi, na la kijivu, linalopokea maji ya sinki na bafu. Bomba la kutolea la tangi jeusi huwa la inchi 3, la kijivu mara nyingi inchi 1.5. Usitegemee pua kuyatofautisha, kwani tangi la kijivu lenye mafuta ya chakula yaliyooza linaweza kunuka kuliko la choo.

Kabla ya kuingia uvunguni, mwaga kila kitu kwenye kituo cha majitaka na suuza mpaka maji yatoke maangavu. Egesha mahali tambarare, weka kabari kwenye magurudumu, na usilale kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma. Vaa glavu za nitrili, miwani na nguo ya mikono mirefu. Tangi la galoni 40 likijaa lina takriban lita 150, yaani kilo 150 za maji, kwa hiyo mikanda inayolibeba isilegezwe likiwa na kitu ndani. Kama kifuniko cha uvunguni kimetuna, jua kuna uchafu unaokusubiri. Toboa tundu dogo sehemu ya chini kabisa, kinga ndoo, na uwe pembeni, si chini yake.

Sasa ondoa kifuniko hicho na ujaribu. Funga vali, tia maji safi yenye rangi ya chakula: nyekundu kwenye tangi la choo, bluu kwenye la kijivu, ili ujue tone ni la nani. Jaza robo, subiri nusu saa, kisha pitisha toilet pepa kavu kwenye kila kiungo, kila boliti, kila kitambuzi. Karatasi huonyesha unyevu ambao kidole chenye glavu hakiwezi kuuhisi. Rudia kwa nusu, robo tatu, na tangi likijaa.

Kimo cha maji ndicho kitakachokujibu. Likivuja hata kwa maji kidogo, tazama chini: vali, bomba la kutolea, kona za tangi. Likianza katikati, kagua kitambuzi kilicho kwenye kimo hicho au ufa ubavuni. Likivuja pale tu linapojaa, tatizo liko juu, kwenye gasketi ya choo au pale bomba la hewa linapoingia. Na kama huvuja barabarani tu, kagua penye mikanda na penye mabomba, kwa sababu mtikisiko hupasua pale plastiki inapovutwa.

Chanzo kimoja husahaulika sana: mpira wa kusuuzia tangi la choo kuachwa wazi huku vali imefungwa. Tangi hujaa, maji hupanda hadi paani kupitia bomba la hewa au kutokea chooni, na tangi linaweza kutuna hadi kupasuka. Ukifungulia maji hayo, usiondoke.

Tuje kwenye vali. Dalili yake ni maji kumwagika unapofungua kifuniko cha nje ingawa umevuta na kufunga sawasawa. Mara nyingi ni karatasi iliyonasa kwenye mfereji ambamo bapa la vali hukaa. Jaza tangi robo tatu kwa maji safi, unganisha mpira wa majitaka, fungua na kufunga mara tano au sita kwa nguvu. Kama vali inavutwa kwa kebo ndefu, hakikisha bapa linafika mwisho, kwani kebo iliyolegea huacha upenyo ambao usafi hauutibu.

Ikiendelea, badilisha vali pamoja na raba zake mbili. Tangi likiwa tupu, toa boliti nne, tanua kidogo mabomba ya pande zote mbili na uichomoe. Futa nyuso zote mbili. Paka raba mpya grisi ya silikoni, si ya petroli, maana hiyo inaweza kuzivimbisha. Zikae kwenye mifereji yake, kisha ingiza vali taratibu. Hapa ndipo wengi hukosea: raba hukunjika upande usioonekana, na vali mpya huvuja kuliko ya zamani. Ipapase mzunguko mzima kabla ya boliti. Kaza boliti moja kisha ile inayoikabili kwa mshazari, kidogo kidogo, kwani plastiki iliyokazwa kupita kiasi hupasuka.

Kama uko safarini, kuna vali ya ziada inayofungwa kwenye mdomo wa nje. Itakufikisha, ila uchafu utakuwa umekaa ndani ya bomba.

Kitambuzi kinachovuja, kaza nati robo mzunguko. Isipotosha, badilisha raba yake. Kiungo kilichogundishwa kikivuja, kupaka gundi kwa nje hakusaidii sana. Kata kipande, weka kiungo cha raba chenye klipu mbili za chuma.

Tukifika kwenye ufa wa tangi, swali la kwanza ni plastiki gani. Tafuta alama ya ABS, au PE na HDPE, ambazo zote mbili ni politheni. Usipoiona, kwangua unyuzi mdogo pembeni na uutie kwenye maji: politheni huelea, ABS huzama. Asetoni kwenye pamba huthibitisha, kwani ABS hulainika na kunata, politheni haishtuki.

ABS hutengenezeka vizuri. Toboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa ufa ili usiendelee, panua ufa kuwa mfereji, piga msasa namba 80, futa kwa spiriti, acha pakauke kabisa. Yeyusha vipande vya ABS ndani ya asetoni kwenye chupa ya kioo mpaka uji uwe mzito kama asali. Hilo huchukua usiku kucha. Jaza ufa, kisha gundisha kiraka cha ABS cha milimita 3 kinachopita ufa kwa sentimita 5 kila upande. Zima gesi yote na kila moto, kwani mvuke wa asetoni huwaka upesi. Subiri saa 24.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakukutana na politheni. Gundi ya ABS, epoksi ya kawaida na silikoni huonekana zimeshika, halafu hubanduka kama ganda. Dawa yake ni kuchomelea kwa hewa moto na ufito wa politheni ileile, baada ya kukwangua ngozi ya juu iliyopauka. Tangi na ufito vyote viyeyuke. Ukiyeyusha ufito peke yake umebandika, hujachomelea. Tepu ya butili, yaani ya raba inayonata, huzuia kwa siku chache, sehemu ikiwa kavu.

Nyufa nyingi za majira ya baridi hutokana na maji kuganda. Tangi lisilotumika liachwe tupu, na vali ipewe kimiminika cha waridi cha kuzuia kuganda, cha propilini glikoli.

Kifuniko cha uvunguni usikirudishe siku hiyohiyo. Jaza tangi nusu, endesha kilomita 20 kwenye barabara yenye mashimo, kisha ingia tena na toilet pepa yako.