Gundi ya nyuki: kuitoa mzingani hadi chupani bila kuipotezea nguvu

Gundi ya nyuki, yaani propolisi, ni utomvu ambao nyuki huukusanya kwenye machipukizi na magome ya miti, wakauchanganya na nta na kuzibia nyufa za mzinga. Kinachozuia bakteria ni utomvu, si nta. Kazi yako ni kuutoa utomvu na kuiacha nta nyuma.

1. Vuna. Nyuki huziba kwa gundi upenyo usiofika milimita 6. Tandaza wavu wa plastiki wenye matundu ya milimita 2 hadi 4 juu ya fremu, kisha inua mfuniko kidogo mwanga upenye. Usikwangue mbao zilizopakwa rangi. Huenda ina madini ya risasi.

2. Gandisha. Hapa ndipo wengi hukwama. Kwa joto la mchana la Mwanza gundi hulainika, ikanata kwenye wavu, kisu na vidole. Iweke kwenye friza usiku kucha. Ukiukunja wavu, gundi inapukutika yenyewe. Kama huna friza, barafu ya samaki ya soko la Mwaloni Kirumba inatosha, ila funga wavu ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana, maji yasiingie. Twanga upesi, kinu kikiwa baridi. Usiiyeyushe motoni: ile harufu nzuri inayoruka ni sehemu ya dawa.

3. Loweka. Gramu 30 za unga kwa mililita 100 za ethanoli ya asilimia 70. Ukiwa na ya asilimia 96, pima mililita 73, ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka zifike 100. Ukali ukizidi, nta nayo inayeyuka. Maji yakizidi, utomvu unabaki kwenye makapi. Pombe kali ya dukani, ya asilimia 35 hadi 40, ni dhaifu mno. Spiriti ya kuwashia moto usiiguse kabisa, huwa na methanoli, nayo ni sumu.

Tumia chupa ya kahawia, uiweke gizani wiki mbili, ukitikisa kila siku. Chuja kwa kitambaa, laza kwenye friji nta itengane, chuja tena kwa karatasi ya kahawa.

4. Pima. Tone likiyageuza maji kuwa meupe kama maziwa, utomvu umo. Hilo halithibitishi kwamba linazuia bakteria. Jibu hilo hutoka maabara, na usijaribu kuotesha bakteria nyumbani. Omba kipimo cha bakteria wawili, *Staphylococcus aureus* na *E. coli*, pamoja na kipande cha karatasi kilicholoweshwa ethanoli tupu cha kulinganishia, la sivyo utasifia gundi kwa kazi ya ethanoli. *E. coli* ikistahimili si kosa lako: ina utando wa nje unaozuia dawa kupenya. Tena gundi husambaa kwa shida kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, hivyo kipimo cha kuzimua ndani ya kimiminika kinaitendea haki zaidi.

5. Kabla ya kupaka. Gundi huleta mzio kwa baadhi ya watu. Paka tone moja upande wa ndani wa mkono, subiri saa 48. Kidonda chenye usaha au homa kipelekwe zahanati, si kwenye chupa hii.

Andika kwenye kila chupa tarehe na mahali ilipovunwa. Gundi ya Ukerewe na ya Sengerema hazitoki kwenye miti ileile, kwa hiyo majibu ya chupa moja usiyahesabie nyingine.