Kupata chumba Lubumbashi, na kubaki humo, ukiwa kwenye dawa

Mimi ni mshonaji, mjane, naishi Katuba, komuni moja ya Lubumbashi, hapa Kongo. Mwaka huu ni wa 16 tangu nianze dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, na katika miaka hiyo nimehama mara tano, mbili tu kwa kupenda kwangu. Kituo cha afya huniletea wanawake walioanza tiba juzi juzi ili tuzungumze. Nilidhani wangeuliza habari za vidonge. Vidonge wanapewa bure, kimoja kwa siku. Wanauliza: Mama, nitalala wapi?

Anza na dirisha. Kifua kikuu ndicho kinachowaua watu wenye virusi kuliko ugonjwa mwingine wowote, na hupita kwenye hewa iliyofungwa. Chumba cha dola 25 kisicho na dirisha, ambamo mnalala watu sita, kitakugharimu zaidi ya kile cha dola 30 chenye madirisha mawili. Ingia mchana, funga mlango, kaa humo dakika kumi. Kisha tazama juu: kama ni bati tupu bila dari, fikiria mwezi wa kumi, kabla mvua haijaanza. Dawa zetu zinataka mahali pakavu, joto lisizidi nyuzi 30. Mimi huziweka chini, ndani ya sanduku la mbao lenye vitambaa, ukutani upande usiopigwa na jua la alasiri.

Halafu tembea kwa miguu kutoka hapo mpaka kituo chako, siku moja kabla hujalipa chochote. Itakuja siku ambayo huna makuta ya taksi. Ukishatulia kwenye tiba, omba upewe dawa za miezi mitatu kwa pamoja, au zaidi wakikubali. Hapo umbali hautakuumiza sana.

Sasa garanti, ile fedha ya dhamana anayopewa mwenye nyumba unapoingia. Hapa ndipo niliungua, kwa hiyo nisikilize vizuri. Nilimpa mwenye lupango mmoja, yaani kiwanja chenye vyumba vya kupanga, garanti ya miezi sita, mkononi, bila karatasi, kwa sababu komisionere, dalali wa nyumba, aliniambia wengine wanangoja nje. Miezi minne baadaye jirani aliona chupa yangu ya dawa. Nilitolewa Jumapili jioni na watoto wawili na mashine ya kushonea, na ile garanti sikuiona tena. Sikuwa na kitu cha kuonyesha mtu yeyote.

Sheria ya upangaji ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu, na ukitoka unarudishiwa. Chumba cha dola 30, garanti isizidi dola 90. Wengi watakuomba zaidi. Usigombane, sema kwa upole kwamba una ya miezi mitatu, iko tayari leo, na unataka muandikiane. Mwenye nyumba anayekataa kuandika, muage. Mkataba uwe na majina, kiasi cha garanti, kodi na tarehe, kisha upelekeni kwenye ofisi ya habitat, yaani ya makazi, ya komuni. Kila mwezi dai risiti, hata akikuambia ninyi ni kama ndugu. Risiti zangu nazihifadhi kwa dada yangu, si chumbani.

Atakuuliza maswali. “Mama, bwana yako iko wapi?” Jibu lililo kweli na fupi: “Alikufa. Miye nashonaka nguo.” Inatosha. Alikufa na nini, unakwenda wapi kila baada ya miezi mitatu, hayo hayamo kwenye mkataba. Sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inawalinda watu wenye virusi dhidi ya ubaguzi na unyanyapaa, na hali yako ni siri yako. Kunyamaza si kumdanganya mwenye nyumba. Virusi haviambukizi kwa choo cha pamoja, wala kwa bomba, wala kwa sahani, na ukimeza dawa mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hata mwenzako wa kitandani humwambukizi.

Vidonge viache ndani ya chupa yake, pamoja na kile kifuko kidogo kinachonyonya unyevu. Kama mlio wa vidonge ndani ya chupa unakutia hofu kwenye lupango lenye milango mingi, jaza pamba juu. Mimi nilijua hilo nikiwa nimechelewa.

Kodi ikikushinda, sema kabla ya tarehe. Marekani tangu 1990 kuna mpango wa serikali uitwao HOPWA, wa nyumba kwa watu wenye kipato kidogo wanaoishi na virusi. Mpango huo unaweza kumlipia kodi kwa muda mtu aliye karibu kutolewa, mpaka wiki 21 katika wiki 52. Hapa kwetu sijakutana na mpango wa namna hiyo, lakini jambo la kumwahi mtu kabla hajatolewa tunalifanya kwa likelemba, mchango wetu wa kupokezana kwa zamu. Tuko wanawake 14. Kila wiki, juu ya likelemba yenyewe, kila mmoja anaweka franka 500 kwenye kisanduku cha nyumba: 7,000 kwa wiki. Anayekwama anakopeshwa kodi ya mwezi mmoja na kurudisha kwa miezi mitatu. Kikundi kina jina la ushonaji tu, na hakuna mwenzetu anayekwenda kuongea na mwenye nyumba, kwani angeulizwa ninyi ni kikundi gani. Fedha anapewa mwanamke mwenyewe, analipa, anatuletea risiti. Mkianzisha chenu, wekeni watu wawili wa funguo, na msikopeshe kwa harusi.

Na kama siri imetoka na unaambiwa uhame? Usikiri, usiapize, usitaje ugonjwa. Uliza jambo moja: mkataba unasema nini? Beba mkataba na risiti kwenye ofisi ya habitat, na uzungumze juu ya kodi uliyolipa. Wakati huohuo mwambie mshauri wako wa kituo akuunganishe na chama cha watu wanaoishi na virusi. Wanajua mawakili wa kuwaendea kwa kesi za ubaguzi. Shefu wa avenyu, kiongozi wa barabara yetu, mimi simwambii chanzo. Wapo wema, ila mke wake ana majirani.

Ukihama mbali, chukua kwanza barua ya uhamisho kituoni, yenye namba yako na dawa unazotumia, na uhesabu vidonge vya kukutosha mpaka kituo kipya kikupokee. Siku yenyewe vitanda na masufuria viende na mkokoteni. Chupa, mkataba na risiti ziwe kwenye mkoba wako, begani, mpaka umefunga kufuli jipya kwa ndani.